Kabla hujamuua panya: jinsi ya kuzuia vimelea vyake visifike kwako na kwa mifugo

Swali ni lilelile, hata watu wakilibadilisha maneno: "Sumu ya panya iliyo kali kuliko zote ni ipi?" Anayeuliza ana gunia lililotobolewa, au kuku wasiotulia usiku, au mbuzi wawili wametupa mimba mfululizo na sasa ameanza kumtazama panya kwa jicho lingine. Jibu langu huwaudhi wengi: sumu iweke kando kwanza. Ukianza na sumu umeanzia mwisho.

Najua kwa sababu nami nilianzia hukohuko mwisho. Niliweka sumu darini, siku ya tano panya wakaanza kufa, siku ya sita nyumba nzima inajikuna. Viroboto hawakufa pamoja na panya. Walishuka kutafuta damu nyingine, na damu iliyokuwa karibu ilikuwa yetu. Mwongozo huu nimeuandika kwa mpangilio ambao ningeufuata siku ile kama ningepata wa kunieleza.

Kila ninaposema panya hapa, nina maana ya panya wa nyumbani, panya shamba na jamaa zao wa porini wanaosogea karibu na watu: kindi, fuko, ndezi. Wadudu na vimelea wanaobeba hutofautiana, ila hatua za kujikinga ni zilezile.

Nadharia kidogo, usiiruke

Panya hahitaji kukuuma ili akudhuru. Ana njia nne za kukufikia.

Ya kwanza ni mkojo. Humo hutoka leptospira, bakteria wanaokaa kwenye figo za panya kwa miezi mingi huku mwenyewe haugui. (Mtaalamu atakwambia bakteria si kimelea. Sawa, lakini anapita mlango uleule.) Huingia mwilini kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Tanzania ugonjwa huu huitwa homa ya mgunda, jina ambalo wengi walilisikia kwa mara ya kwanza Julai 2022 ulipozuka mkoani Lindi na kuua watu 3 kati ya wagonjwa 20 waliotangazwa. Ng'ombe na nguruwe nao huupata: hutupa mimba, na maziwa hupungua ghafla.

Ya pili ni wadudu wanaomnyonya: viroboto, kupe, utitiri, na mahali pengine papasi wanaojificha ndani ya mashimo yake. Kiroboto wa panya, Xenopsylla cheopis, ndiye msambazaji mkuu wa tauni. Tauni haijaisha duniani. Madagaska ilikuwa na mlipuko mkubwa mwaka 2017.

Ya tatu ni kinyesi. Kuna tegu wa panya ambaye mayai yake huliwa na wadudu wa unga na nafaka. Mtu akimmeza mdudu huyo ndani ya unga usioiva, tegu anakua tumboni mwake. Watoto ndio hupatikana naye zaidi, kwa sababu ndio hulamba unga mbichi.

Ya nne, ambayo wafugaji huisahau, ni kuliwa. Nguruwe akila panya anaweza kupata trikinela, mnyoo anayejikunja ndani ya misuli, na mtu akila nyama ya nguruwe huyo isiyoiva naye anaupata. Halafu kuna toksoplazma, kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho. Charles Nicolle na Louis Manceaux waliikuta Tunis mwaka 1908 ndani ya gundi, mnyama jamii ya panya. Panya aliyeambukizwa hupoteza woga wa harufu ya paka, akaliwa kwa urahisi. Paka akishaambukizwa mara ya kwanza hutoa mamilioni ya vijiyai kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu, mara nyingi ndani ya majani makavu au kwenye ghala la chakula cha mifugo. Kondoo au mbuzi mwenye mimba akila hapo, mimba inatoka. Kwa hiyo mbuzi wa yule muulizaji huenda hakukutana na panya hata siku moja.

Utakavyohitaji

Usianze kazi mpaka vitu hivi viwe mbele yako. Ukienda kutafuta glovu katikati ya kazi, utakwenda na mikono michafu.

- Glovu za mpira nene, zinazofika juu ya kifundo cha mkono, na viatu vya mpira.
- Barakoa inayobana vizuri usoni. Kitambaa cha kufunga puani ni bora kuliko pua tupu, lakini si barakoa.
- Klorini ya maji ya kufulia, ile wengi wanaiita jiki, na chupa ya kupulizia.
- Sabuni, ndoo mbili, matambara ya kutupa.
- Mifuko ya plastiki migumu, miwili kwa kila mzoga.
- Tochi, na majivu laini au unga wa talki.
- Dawa ya unga ya kuua viroboto iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani au mabandani.
- Mitego ya kubana, mingi kuliko unavyofikiri. Nyumba ndogo na banda moja: usianze na chini ya kumi na miwili.
- Wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, sufu ya chuma ya kusugulia sufuria, saruji na mchanga, vipande vya bati.
- Mapipa au madebe yenye vifuniko vinavyobana.

Mjamzito asishiriki hatua yoyote inayogusa kinyesi cha paka, cha panya, au kondo la nyuma la mnyama aliyetupa mimba. Mtoto pia, hata kama ni mtundu na anatamani kuona.

Hatua ya 1: Soma nyumba kabla ya kugusa kitu

Ingia na tochi baada ya giza kuingia. Tafuta kinyesi, alama za mafuta ukutani, meno yalikopita, na mashimo. Kinyesi cha panya mdogo wa nyumbani ni kama punje ya mchele, milimita 3 hadi 7. Cha panya mkubwa kinakaribia sentimita 2. Kikiwa laini na kinang'aa ni cha jana. Kikiwa kimepauka na kinavunjika kwa kijiti, huenda ni cha zamani.

Alama za mafuta zitakuonyesha njia. Panya hupenda kupita huku sharubu na ubavu vikigusa ukuta, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa ukuta huwa na mstari mweusi kama uliopakwa grisi. Pale usipokuwa na hakika, tandaza majivu laini jioni na uangalie nyayo asubuhi.

Andika kila sehemu kwenye karatasi, hata ukichora vibaya. Bila mchoro huo utatega mitego pale unapopaona, na panya hapiti unapopaona.

Kosa la kawaida ni kukagua ndani tu. Toka nje, zunguka ukuta mzima, kagua chini ya kuni, nyuma ya tangi la maji, kingo za zizi, na shimo la taka. Panya shamba akisha kosa chakula shambani baada ya mavuno, njia yake ya kuja kwako inaanzia kwenye majani marefu.

Simama hapa kwanza: ukikuta panya wengi wamekufa wenyewe, na hakuna aliyeweka sumu, usiguse hata mmoja. Hiyo ni dalili ya zamani ya tauni. Zuia watu na mbwa wasifike hapo na utoe taarifa kwa ofisi ya afya iliyo karibu. Mwongozo huu haukuhusu tena mpaka waje.

Hatua ya 2: Mnyime chakula na maji

Hii ndiyo hatua inayochosha, na ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Panya mkubwa hula gramu 15 hadi 30 kwa siku. Si nyingi, ndiyo maana makombo unayoyadharau yanalisha familia yake nzima.

Nafaka na chakula cha mifugo viingie kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Plastiki nyembamba haizuii, anaitoboa usiku mmoja. Magunia yasiyoingia pipani yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Ghala la miguu liwe juu kama mita moja kutoka ardhini, na kila mguu uvalishwe bati lililopindwa kama koni iliyoinama chini. Ngazi iondolewe kila jioni. Nimeona maghala yenye makoni mazuri kabisa na ngazi imeegemezwa hapo usiku kucha.

Chakula cha kuku kisilale bandani. Toa vihori jioni, rudisha asubuhi. Mfugaji atalalamika kwamba kuku watapungua uzito. Hawapungui: kuku hali gizani, anayekula gizani ni mwingine.

Maji yaliyotuama ni hatari mara mbili, kwa sababu panya hunywa na hukojoa humohumo, na leptospira hudumu kwenye maji na udongo wenye unyevu kwa wiki kadhaa. Huku kwenye ukavu hufa haraka. Kwa hiyo ukikausha sehemu yenye tope mbele ya zizi umefanya kazi ambayo dawa haiwezi kufanya. Birika la kunyweshea limwagwe, lisuguliwe na kujazwa upya.

Fyeka majani kuzunguka kila jengo, ukanda wa mita moja angalau. Kuni zipangwe juu ya nguzo fupi.

Hatua ya 3: Ua viroboto kabla ya kuua panya

Ukisahau kila kitu, usisahau mpangilio huu. Panya akifa, mwili unapoa, na kiroboto anaondoka kutafuta mwenyeji mwingine. Ukimuua panya kwanza umemfukuza kiroboto kuja kwako.

Nyunyiza unga wa dawa mdomoni mwa mashimo, kwenye njia zile za mafuta, na nyuma ya vitu vilivyojazana. Panya akipita unga unamshika manyoya, anaubeba hadi kiotani, na viroboto wa kiotani wanakufa. Subiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kabla ya kutega. Ambako tauni inajulikana kuwepo, usiruke hatua hii kwa sababu yoyote.

Tahadhari tatu. Usinyunyize juu ya chakula, kihori au chombo cha maji. Usivute unga puani. Na soma kibandiko kwa ajili ya paka: permethrini, dawa inayopatikana kwenye unga mwingi wa viroboto na ambayo mbwa anaivumilia, humwua paka. Mfungie paka nje mpaka unga utulie, na asirudi sehemu hizo.

Mbwa na paka wenyewe wapewe dawa ya viroboto inayowafaa siku hiyohiyo. La sivyo watakusanya waliobaki.

Hatua ya 4: Ziba, lakini acha mlango mmoja

Panya mdogo hupita tundu la milimita 6, kama unene wa penseli nyembamba. Mtoto wa panya mkubwa hupita milimita 12. Watu hawaamini, kwa hiyo waambie wachukue penseli waende nayo ukutani.

Jaza tundu kwa sufu ya chuma iliyoshindiliwa, kisha funika kwa saruji. Saruji peke yake ikiwa bado mbichi huchimbwa usiku huohuo. Madirisha ya hewa yapate wavu wa chuma. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati ili uwazi uliobaki usizidi hizo milimita 6. Pale bomba linapoingia ukutani ndipo wengi husahau, na ndipo panya huanzia.

Usizibe tundu linalotumika sana kuliko yote. Mbele yake ndipo utakapoweka mitego mingi. Litazibwa mwishoni. Ukifunga kila kitu siku ya kwanza, wenye watoto ndani wataguguna mahali papya, au watafia ukutani.

Hatua ya 5: Tega

Panya mkubwa ni mwoga wa vitu vipya. Ukitega leo kwa hamu, atazunguka mtego siku tatu bila kuugusa, nawe utasema chambo hakifai. Weka mitego yenye chambo bila kuikaza kwa siku tatu au nne. Akizoea kula hapo, ikaze yote usiku mmoja. Panya mdogo wa nyumbani yeye ni mdadisi, mkazie siku ya kwanza.

Mtego ukae pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu huko ndiko anakopita. Kwa panya wadogo acha mita 2 hadi 3 kati ya mtego na mtego, kwa wakubwa mita 5 zinatosha. Chambo kiwe kidogo, cha ukubwa wa harage, na kinate: karanga zilizosagwa hufaa karibu kila mahali. Chambo kikiwa kingi anakula pembeni na kuondoka akiwa hai.

Bandani, mtego uingie ndani ya boksi lenye tundu dogo ili kuku au mwanambuzi asiutie mguu.

Mtego wa gundi siupendi, na si kwa huruma tu. Panya aliyenaswa hai hukojoa na kunya kwa hofu saa nzima, yaani anasambaza kilekile unachokikimbia. Mtego wa kukamata hai una tatizo hilohilo, na juu yake unabaki na panya hai mkononi ukijiuliza umpeleke wapi.

Kagua kila asubuhi. Mzoga uliolala siku mbili tayari umeachwa na viroboto.

Hatua ya 6: Ondoa mzoga bila kuubeba mwilini

Vaa glovu na barakoa. Changanya klorini sehemu 1 na maji sehemu 9, siku hiyohiyo, kwani mchanganyiko wa jana umepungua nguvu. Loweka mzoga na mtego wote kwa kupulizia taratibu, kisha subiri dakika 5. Kama unaona viroboto, anza na maji ya sabuni nyingi au dawa ya wadudu ndipo ufuate na klorini.

Ingiza mzoga kwenye mfuko, funga, ingiza kwenye mfuko wa pili, funga tena. Zika kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua, au choma. Usimtupie nguruwe. Usimtupie mbwa wala paka "ili asipotee bure". Nimesikia maneno hayo kwa watu wenye akili timamu, na ndiyo njia fupi kabisa ya trikinela na toksoplazma kuingia kwenye mifugo yako.

Osha glovu kwa sabuni zikiwa bado mkononi, zivue, kisha osha mikono.

Anayewinda au kuchuna ndezi na nungunungu afuate kanuni hizihizi: glovu, jicho kwa kupe na viroboto, matumbo na maini yasitupiwe mbwa, na nyama iive mpaka ndani.

Hatua ya 7: Safisha kwa maji, kamwe si kwa ufagio

Mitego ikikaa tupu kwa wiki, ziba lile tundu la mwisho, kisha safisha. Si kabla.

Fungua milango na madirisha, ondoka kwa dakika 30, hewa ipite. Kisha rudi na glovu na barakoa. Usifagie kinyesi kikavu. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Vumbi la mkojo na kinyesi likipanda hewani linabeba virusi na bakteria hadi mapafuni, na hivyo ndivyo watu wengi huambukizwa virusi vya hanta, virusi vinavyobebwa na panya. Puliza mchanganyiko wa klorini mpaka kila kitu kilowe, subiri dakika 5, futa kwa tambara, tambara liende mfukoni.

Klorini ina mipaka ambayo vibandiko havielezi. Inaua bakteria na virusi. Mayai ya tegu na vijiyai vya toksoplazma haviijali. Kwa hivyo vyombo, vihori na sakafu inayostahimili visuguliwe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kisha vimwagiwe maji yanayochemka. Kinyesi cha paka kiondolewe kila siku, kwa sababu vijiyai huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Ukikiondoa leo, umewahi.

Zizini kuna hatari nyingine. Mkojo wa mifugo una amonia, na klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu. Toa wanyama wote, osha mkojo kwa maji mengi, acha pakauke, ndipo upulizie. Usichanganye klorini na siki wala dawa ya kusafishia choo.

Unga au nafaka yenye kinyesi cha panya haipepetwi ikaliwa. Mkojo haupepeteki. Najua inauma.

Sumu, kama lazima

Kuna mahali mitego haitoshi, hasa ghala kubwa. Basi tumia sumu ya kuzuia damu kuganda, ndani ya kisanduku chenye tundu la panya peke yake, kilichofungwa mahali pasipofikika na mtoto, kuku au mbwa. Huua baada ya siku kadhaa, wala si papo hapo, na hilo ni faida kwako: panya hahusishi chakula na ugonjwa, na wewe una muda wa kumpa mbwa au mtoto tiba akimeza. Tiba hiyo ni vitamini K1, na hutolewa na daktari.

Kusanya mizoga kila siku. Bundi, mwewe au paka akila panya mwenye sumu anaweza kufa naye, na umepunguza wawindaji waliokuwa wakikusaidia bila malipo.

Dawa za shambani zinazouzwa kwenye vichupa visivyo na kibandiko "kwa ajili ya panya" usizilete nyumbani kabisa. Hujui kilichomo, na daktari wa zamu naye hatajua.

Mambo yasipokwenda

*Mitego imekaa wiki, hakuna kitu.* Kwanza angalia chakula: kama kuna gunia wazi mita tatu kutoka kwenye mtego, kwa nini ahangaike? Pili, isogeze kwenye njia za mafuta. Tatu, huenda panya wako wako juu. Panya mweusi ni mpandaji, mtege kwenye mihimili ya paa.

*Mtego umefyatuka, chambo hakipo.* Chambo ni kikubwa au hakinati. Kifunge kwa uzi. Au mlaji ni mende na sisimizi, tandaza majivu uone nyayo.

*Wamekwisha, baada ya mwezi wamerudi.* Panya hubeba mimba kama wiki tatu, kwa hiyo mwezi mmoja unatosha kwa waliobaki wawili. Mara nyingi kuna tundu hujaliziba, au chakula kilirudi nje. Rudi hatua ya 1, usiku, na tochi. Na zungumza na jirani, kwa sababu panya wa ghala lake ndio panya wa ghala lako.

*Harufu kutoka darini au ukutani.* Kuna aliyekufa humo. Kama hafikiki, fungua hewa na uvumilie, harufu huisha mzoga ukikauka. Ukimfikia, rudi hatua ya 6. Usimvute kwa mkia mikono mitupu.

*Tunaumwa na viroboto baada ya panya kuisha.* Umefanya nilichofanya mimi. Fua matandiko kwa maji ya moto, osha sakafu na kona, tibu mbwa na paka, na rudia dawa baada ya wiki mbili kwa sababu mabuu waliofungwa ndani ya vifuko vyao hawafi kwa dawa ya kwanza. Kiota kitafutwe kitolewe.

*Si paka tu angetosha?* Paka mmoja hupunguza panya wadogo, kwa wakubwa mara nyingi hushindwa. Mwenye paka asimwache alale kwenye chakula cha mifugo, hasa paka mchanga anayeanza kuwinda, na afunike nyasi kavu. Kama una kondoo au mbuzi wenye mimba, chukua hili kwa uzito zaidi.

*Mnyama ametupa mimba.* Usiguse kondo kwa mikono mitupu, mtenge mama, na umwite daktari wa mifugo kabla ya kuzika, kwa sababu sampuli ndiyo itakayosema kama ni leptospira, toksoplazma au kitu kingine kabisa kama bruselosisi, ugonjwa mwingine wa bakteria unaotupisha mimba. Usianze kumlaumu panya bila ushahidi. Mbwa wana chanjo ya leptospirosisi, yaani ile homa ya mgunda, iulizie.

*Nyama ya nguruwe, nifanyeje?* Ipike mpaka katikati ifikie nyuzi 71 za Selsiasi. Bila kipimajoto: isiwe na wekundu, na maji yatoke meupe. Kuikausha kwa moshi au kuitia chumvi hakuaminiki dhidi ya trikinela.

*Panya ameniuma.* Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, acha kidonda wazi, nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda. Kuna homa inayotokana na kuumwa na panya, na dawa yake ni antibayotiki, si mafuta ya kupaka.

*Nimesafisha ghala, sasa nina homa.* Dalili za leptospirosisi mara nyingi huanza siku 5 hadi 14 baadaye, zinaweza kuchelewa hata mwezi: homa, maumivu makali ya misuli hasa ya ndama za miguu, macho mekundu, kisha pengine umanjano. Tauni huanza mapema zaidi, siku 1 hadi 7, kwa homa na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni. Vyote viwili hutibika vikiwahiwa, na vyote viwili mwanzoni hufanana na malaria. Kipimo cha malaria kikirudi hasi usirudi nyumbani na panadoli. Mwambie daktari, hata asipouliza, kwamba ulikuwa unashika panya, na taja tarehe.